Kutoka Kambi Kuwa Mtaa: Habari za Isiolo na Watu Wake



Ni desturi taarifa ya mwaka kuwa na hesabu za fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na majina ya waliosaidiwa katika msiba, maradhi na karo za shule. Mambo hayo yana kurasa zake katika kitabu hiki. Lakini tumeona yafaa kutenga kurasa chache kwa hesabu ya namna nyingine, nayo ni hesabu ya mahali tunapokaa. Sisi watu wa Leparua tuna miguu miwili. Mmoja uko malishoni, kwenye vichaka na mito ya mchanga magharibi ya mji; wa pili uko Isiolo mjini, ambako mifugo yetu huuzwa, wagonjwa wetu hutibiwa na watoto wetu husoma. Wengi wa vijana wetu wamezaliwa katika mitaa ya mji huo. Hulitaja jina la mtaa kila siku, lakini ukiwauliza mtaa ulipataje kuwa mtaa, wengi hunyamaza. Kunyamaza huko kuna hatari. Katika siku hizi za kupima viwanja na kugawa hati, mtu asiyejua alivyofika mahali hana la kujibu anapoulizwa kwa nini yuko hapo.

Neno tunalotaka kulieleza ni moja. Mitaa ya Isiolo, au iliyo mingi, haikuanza kuwa maskani ya watu kwa kupimwa na kupangwa. Ilianza kuwa kambi, yaani mahali pa kukaa kwa muda, na waliokaa waliambiwa na wakubwa wa serikali kwamba ruhusa yao yaweza kuondolewa. Ikiwa leo mitaa hiyo ni miji ya watu, yenye misikiti, makanisa, shule na makaburi, basi imekuwa hivyo kwa subira na ujirani wa wenyeji wake.

Tuanze na majina, kwa kuwa jina ni shahidi asiyekufa upesi. Pana Kambi ya Juu, na Kambi Garba. Neno kambi halihitaji kufasiriwa. Pana Kiwanjani, palipo jirani na kiwanja cha ndege. Pana mtaa uitwao kwa herufi tatu tu, L.M.D., na herufi hizo ni za idara ya serikali iliyoshughulikia uuzaji wa mifugo. Pana Bulla Pesa, ambapo neno la Kisomali lenye maana ya kijiji limefunga ndoa na neno la Kiswahili. Pana Tullu Roba, nalo ni jina la Kiborana, kwa maana ya kilima cha mvua. Pana Kulamawe, jina ambalo mtu huhitaji kulitamka tu ili ajue kwamba waliokaa huko hawakukaa kwa raha. Na jina hilo hilo limewekwa pia kwenye kijiji kingine kilicho njia ya Garba Tulla. Na pana Wabera, jina la mtu, ambaye habari zake tutazieleza mbele. Msomaji atazame: katika majina machache hayo mna jeshi, mna serikali, mna biashara, mna mvua na mna njaa, na lugha tatu zimekaa pamoja bila kugombana. Hiyo ndiyo Isiolo.

Watu wa kwanza kujenga mji wa kudumu mahali hapa walikuwa askari wastaafu. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza vilivyokwisha 1918, Wasomali wa Isaaq na wa Herti, ambao walikuwa wametumikia serikali ya Kiingereza katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee walilitaja kwa jina la Keya, na katika kazi nyingine za serikali, walipewa ruhusa ya kukaa Isiolo pamoja na mifugo yao. Kwao walikuwa wametoka mbali, ng'ambo ya bahari huko Aden na pwani ya Usomali. Walikuwa watu wa safari na biashara, waliojua kuendesha maduka na kuuza ng'ombe. Lakini ruhusa waliyopewa haikuwa milki. Walikuwa wageni wa serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba.

Wazee hao walilijua jambo hilo, na liliwauma. Kutoka 1936 na kuendelea, Waisaaq wa Kenya walianzisha madai ambayo kijana wa leo akiyasikia atadhani ni mzaha: walidai watozwe kodi kubwa zaidi. Sheria mpya ya kodi iliwaweka katika daraja la chini ya Wahindi, nao walitaka kulipa kima cha Wahindi. Waliandika barua, wakatuma malalamiko mpaka London, na baadhi yao wakakataa kulipa kodi ndogo. Hawakuwa wapumbavu wala hawakuwa na fedha za kuchezea. Walikuwa wametambua kwamba katika nchi ya wakati ule, daraja la kodi ndilo lililoamua mtu aweza kukaa wapi, kutembea wapi na kutibiwa vipi. Serikali haikuwakubalia. Sisi hatusemi kwamba kutaka kuwa juu ya Waafrika wenzao kulikuwa jambo zuri. Twasema tu kwamba hofu iliyowasukuma, hofu ya kukaa mahali bila haki ya kukaa, imekuwa hofu ya kila kabila la Isiolo baada yao.

Nchi yote ya kaskazini wakati huo ilikuwa imefungwa. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi N.F.D., ilitangazwa mwaka 1926 kuwa nchi isiyoingiwa wala kutokwa bila kibali, na sheria nyingine ya 1934 ikawapa wakubwa wa wilaya nguvu ya kuamua kabila lipi lilishe wapi. Isiolo ikawa mlango. Ikawa makao ya mkuu wa N.F.D. nzima, Bwana Gerald Reece alishika cheo hicho huko tangu 1939 hata 1948. Mifugo kutoka kaskazini ililazimika kuzuiliwa karantini Isiolo na kuangaliwa maradhi kabla ya kuruhusiwa kupita kwenda kwa wanunuzi wa kusini. Barabarani kulikuwa na kizuizi, na msafiri alisimama mpaka karatasi zake zisomwe. Ndipo ulipozaliwa mzaha unaojulikana mpaka leo, kwamba mtu akitoka Nairobi akafika kaskazini huulizwa, “Habari za Kenya?” kana kwamba Kenya ni nchi ya jirani.

Mlangoni hukusanyika watu wa kila namna. Waborana walisukumwa na serikali kutoka visima vya Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakawekwa kando ya mto Uaso Nyiro, na mji wao wa soko ukawa Isiolo. Waturkana walikuja kutafuta kazi, wakawa vibarua na wachungaji. Wasamburu waliingia na mifugo yao kutoka magharibi na kaskazini. Wameru walileta mazao kutoka milimani, pamoja na miraa ya Nyambene. Na Italia ilipoivamia Uhabeshi mwaka 1935, wakimbizi wa Uhabeshi na askari wa Eritrea waliotoroka jeshi la Italia walivuka mpaka, nao wakapigiwa mahema Isiolo kabla ya kuhamishiwa Taveta. Hivyo hata katika ukimbizi Isiolo ilikuwa kambi kwanza. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Isiolo karibu kila mtu alikuwa mgeni, na jembe lilikuwa moja: kuuza, kuchunga, kubeba, kupika, kushona. Aliyelishika aliitwa mwenyeji.

Sasa twafika miaka migumu, na wazee watatuwia radhi tukiyagusa makovu. Mwaka 1962, uhuru ulipokaribia, Waingereza walituma tume ya watu wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Kanada, kuwauliza watu wa N.F.D. kama wangependa kubaki Kenya au kuungana na Usomali. Isiolo maoni yaligawanyika, na mgawanyiko ulipita katikati ya mitaa, kati ya duka na duka, na pengine kati ya ndugu na ndugu. Mwezi Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kuundwa kwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, lakini Isiolo haikutiwa humo. Iliwekwa katika Mkoa wa Mashariki. Tarehe 28 Juni 1963, Bwana Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi karibu na Modogashe, pamoja na chifu mkubwa wa Waborana wa Uaso, Haji Galma Dida. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka ule. Wawili hao hawakuuona. Huyu Wabera ndiye ambaye jina lake limebaki katika mtaa na shule ya Isiolo, na katika barabara moja katikati ya Nairobi. Yafaa watoto wetu wajue kwamba jina wanalolisoma langoni mwa shule ni la mtu aliyelipia kazi yake kwa damu.

Vita vya shifta vilivyofuata vilidumu mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika miaka ya 1966 na 1967 wafugaji wa Uaso walikusanywa na serikali katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tulla na Merti, na mtu aliyeonekana nje bila ruhusa alihesabiwa kuwa adui. Mifugo haiwezi kuishi ndani ya boma la namna hiyo. Ilikufa, ilichukuliwa, iliuawa. Waborana huita wakati ule Gaafa Daba, wakati ambao kila kitu kilisimamishwa. Watu waliokuwa na mamia ya ngamia na ng'ombe walibaki na fimbo mkononi, na wengi wao walikuja Isiolo mjini kuanza maisha upya kwa kuuza kuni, kufua nguo na kulinda milango ya wengine. Hivyo mitaa ya mji iliongezeka kwa sababu nchi ya malisho ilivunjika. Mwanachama anayepita leo kati ya nyumba zilizobanana akumbuke kwamba baadhi ya nyumba hizo zilijengwa na watu ambao hapo kwanza hawakuwa na haja ya mji hata kidogo.

Vita vikaisha, lakini sheria zake hazikuisha. Sheria ya mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa mambo yaliyotendwa wakati wa vita, na amri za hatari zilizohusu Isiolo pamoja na wilaya nyingine za kaskazini na pwani hazikuondolewa mpaka 1991. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1989, Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wote kupita mbele ya jopo na kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa walipewa kadi ya pekee. Wajukuu wa askari wa Keya, ambao babu zao walikuwa Isiolo kabla ya mji kuwa na barabara ya lami, walisimama mstarini kueleza wao ni nani. Twalitaja jambo hili kwa sababu linafundisha: miaka sabini ya kukaa mahali haikutosha kuwa ushahidi. Karatasi ndiyo iliyotakiwa.

Pamoja na hayo yote, itakuwa dhuluma tukiueleza mji huu kwa misiba yake tu. Tabia ya mitaa ya Isiolo huonekana alfajiri, maziwa ya ngamia yanapofika kutoka malishoni. Akina mama huyapokea, huyaonja, huyamimina katika madumu na kuyapakia kwenye mabasi, ili yafike Eastleigh, Nairobi, kabla hayajaharibika. Biashara hiyo ilijengwa na wanawake, wengi wao wasiojua kusoma, kwa uaminifu wa mdomo kati ya mchungaji, mpokeaji na dereva. Na baadhi yao wameungana katika ushirika wa Anolei, unaojulikana nje ya wilaya. Tabia hiyo huonekana pia kwa vijana wanaowauzia wasafiri bangili za shaba kando ya barabara, na katika soko ambamo muuzaji mmoja husalimu kwa Kiborana, hupatana bei kwa Kiswahili, na huhesabu chenji kwa Kimeru. Huonekana katika mazishi, ambapo jirani wa dini nyingine huleta maji na kuni bila kuitwa.

Hatusemi kwamba ujirani huo haujavunjika. Umevunjika mara kadhaa, na katika mapigano ya 2011 na 2012 nyumba zilichomwa na watu wakahama mitaa waliyozaliwa. Lakini tuangalie sababu zilizotajwa na wenye kugombana: malisho, maji, mifugo iliyoibwa, na ardhi ambayo thamani yake ilikuwa inapanda. Ni mara chache watu hugombania mahali ambapo kila mmoja ana hakika ya nafasi yake.

Nayo thamani imepanda kweli. Barabara ya lami kutoka Isiolo kwenda Moyale, yapata kilomita 500, ilijengwa kwa awamu tangu 2007 na ikakamilika katika muongo uliofuata. Mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Uhabeshi, uliozinduliwa mwezi Machi 2012, umeiweka Isiolo njia panda. Uwanja wa ndege ulipanuliwa, na jengo jipya la abiria likaanza kutumika mwaka 2017. Ulitangazwa pia mpango wa mji wa kitalii huko Kipsing, si mbali na malisho yetu. Watu wa kaunti nzima walihesabiwa 143,294 mwaka 2009, na 268,002 mwaka 2019. Kiwanja ambacho jana kilikuwa mawe na miiba, leo chaweza kuwa na watu wawili au watatu, kila mmoja akionyesha karatasi ya kugawiwa.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Wazee wengine wa Keya, Wanubi wenye asili ya Sudan, waliwekwa Kibera, Nairobi, na mwaka 1918 ardhi ya zaidi ya ekari 4,000 ilitangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi walimokuwa wakikaa. Hati ya ardhi ya jamii yao waliipata Juni 2017, miaka 99 baadaye, nayo ilikuwa ya ekari 288. Pangani ya kale, mtaa mwingine wa Nairobi uliojengwa na Waafrika kwa fedha zao wenyewe, ulibomolewa kabisa kufikia 1939, na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Nyumba zilikuwepo, kodi ililipwa, watoto walizaliwa humo. Lakini ardhi haikuwa yao. Anayedhani kwamba kukaa muda mrefu ni sawa na kumiliki na atazame Pangani.

Na Leparua je? Sisi nasi tu watu mchanganyiko: Wasamburu, Wamasai, Waturkana, Waborana, Wasomali na Wameru wametumia malisho haya, mara kwa amani na mara kwa ugomvi. Tangu 2011 pana hifadhi ya jamii ya Leparua, jirani ya Lewa na Il Ngwesi, na watu wana maoni yao mbalimbali juu ya mambo ya hifadhi. Vyovyote iwavyo, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imefungua njia ya ardhi ya wafugaji kuandikishwa kwa jina la jamii yenyewe. Njia hiyo ni ndefu, yataka orodha ya wanajamii, mkutano na mipaka inayojulikana. Jamii iliyochelewa itajikuta kama mitaa ya Isiolo: ipo, yajulikana, lakini haikuandikwa.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo matatu. La kwanza, kila nyumba mjini iwe na daftari lake, iandikwe nani aliyefika kwanza, mwaka gani, kwa ruhusa ya nani, na majirani gani wanaojua. Stakabadhi za kodi ya kiwanja, hata zilizochakaa, zisitupwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. La pili, vijana wanaosoma wakae na wazee, waandike majina ya vilima, visima na mapito ya mifugo kama yanavyotamkwa na wenyewe, kabla mpimaji hajayaandika kwa namna yake. La tatu, na hili ni gumu kuliko yote mawili, mtu asimwite jirani yake mgeni ili apate kiwanja chake. Katika mji ulioanza kuwa kambi, hakuna kabila lisiloweza kuitwa geni na kabila jingine. Na mlango huo ukifunguliwa, kila mmoja atatolewa kwa zamu yake.

Wazee walioiona Isiolo ya kizuizi na kipande wanapungua kila mwaka, na majina ya baadhi yao yamo katika ukurasa wa rambirambi wa kitabu hiki. Waliobaki tunawaomba wasichoke kuulizwa. Nao vijana tunawaomba waende wakaulize mwaka huu, wala wasingoje mwaka ujao.